Mfenesi si mbao tu

Ndugu zangu wa ukoo mliotawanyika Maskati, Dubai na London, napenda kutoa rai yangu juu ya mifenesi iliyobaki katika shamba letu la Unguja. Wako miongoni mwetu wasemao kuwa miti ile imezeeka, kwamba mbao zake zina bei, na kwamba afadhali ikatwe, thamani igawanywe, kila mrithi apate fungu lake. Mimi siafiki, na sababu zangu ni hizi.

Kuhusu ubora wa mbao hawakusema uongo. Kiini cha mfenesi ni cha manjano, rangi yake hukolea kadiri miaka inavyopita, na mchwa hawaupendi. Mafundi wetu waliutumia kuchonga milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Huko Asia, vipande vya kiini hicho vilichemshwa vikatoa rangi ya kutilia mavazi ya watawa wa Kibuddha. Lakini mbao huvunwa mara moja, na tunda hurudi msimu baada ya msimu.

Asili ya mti huu ni misitu ya mvua ya milima ya magharibi ya India. Ulivuka bahari ukafika kwetu, kama walivyovuka baadhi ya wazee wetu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kisha akaenda India, aliueleza huko kwa makini. Alisema kuwa matunda yatokayo chini, karibu na ardhi, ndiyo matamu zaidi, na kwamba kokwa zake zikichomwa au kuchemshwa ladha yake ni kama ya ful. Jimbo la Kerala lilitangaza fenesi kuwa tunda la jimbo mwaka 2018. Wenyewe wanaongeza heshima yake, nasi tunauliza bei ya gogo.

Bibi zetu hawakutupa kitu cha mti huu. Walipaka kisu na viganja mafuta ya nazi kabla ya kupasua, ili utomvu usigande. Nyama iliyoiva ililiwa vivi hivi, na kokwa zilichemshwa kwa chumvi au zikachomwa kwenye makaa. Majani walipewa mbuzi. Utomvu watoto waliufanya ulimbo wa kunasia ndege. Fenesi moja laweza kupita kilo 30, wala hakuna nyumba iliyolimaliza peke yake. Lilipopasuliwa, sahani zilitembea mtaa mzima. Ujirani wetu ulijengwa kwa sahani hizo.

Haki ya warithi siikatai. Kwa mila ya Unguja, mti waweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi, na hurithiwa kama mali nyingine. Basi anayetaka fungu lake na alipwe na ndugu walio na uwezo, kwa bei ya haki. Baada ya hapo, kwa ridhaa ya wote, miti iwekwe wakfu, matunda yake yawe ya majirani walioitunza miaka yote ambayo sisi hatukuwapo.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya maumbile. Kokwa ya fenesi si kama punje ya mtama. Haiwekeki, ikikauka hufa, na hupandwa ikiwa mbichi. Hatuwezi kukata leo, tukahifadhi kokwa kabatini, tukamngojea mjukuu atakayependa kupanda. Ujuzi wa mti nao ni hivyo hivyo. Nasaba yetu tumeiandika vizuri, baba hadi babu, lakini mapishi ya fenesi bichi yamo vichwani mwa wanawake watatu au wanne wa ukoo huu, na wote ni wazee.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Nawaomba, kabla ya msumeno kufika shambani, kila nyumba ilete rai yake kwa maandishi. Na aliye na bibi anayejua kupika fenesi bichi, akae naye jikoni wiki hii aandike.