Matunzo ya mke hayapimwi kwa gari la jirani

Miongoni mwa mambo yanayoingia katika nyumba za Waislamu na kuziyumbisha bila ya kusemwa hadharani, limo hili la gari. Hatukusudii gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali au la kuwawahisha watoto shule. Tunakusudia gari kubwa la fahari, lile ambalo Watanzania walilipa jina la shangingi, ambalo mmoja wa wanandoa analitaka ilhali mwenzake anajua, au anapaswa kujua, kwamba uwezo wa nyumba yao haulifikii.

Mbezi Beach ni mahali ambapo tamaa hii hulishwa kila siku. Asubuhi, kuanzia Africana hadi Tangi Bovu, Land Cruiser V8 na Prado zimo katika foleni moja na IST, Vitz, bajaji na daladala, zote zikielekea Mwenge kwa mwendo wa kobe. Foleni haimheshimu mwenye shangingi. Lakini jioni, foleni ikiisha na kila mtu akiingia getini kwake, ndipo macho yanapoanza kuhesabu. Jirani ameingiza gari jipya. Mdogo wake bwana fulani, aliyeanza kazi juzi tu, naye analo. Na mama aliyeshuka kwenye bajaji mbele ya ukumbi wa harusi, wenzake wakishuka kwenye magari yenye vioo vyeusi, hurudi nyumbani na neno moja moyoni: na mimi je?

Tuwe waadilifu. Neno hilo si dhambi. Mtume Muhammad (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Ibn Hibban kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.), alikihesabu kipando chema miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Na mwenye kuzijua barabara za ndani za Mbezi Beach wakati wa masika, pale lami inapoishia na madimbwi yanapoanza, hawezi kumcheka anayetamani gari lililoinuka. Uislamu haukuja kuwafanya watu waone fahari katika dhiki. Swali letu ni jingine: ombi hilo linapokutana na mfuko usiotosha, nyumba ya Kiislamu hufanya nini?

Jibu tunalo katika nyumba bora kuliko zote. Wake wa Mtume (s.a.w.) waliwahi kumwomba awaongezee matunzo. Imamu Muslim amepokea kwa njia ya Jabir bin Abdillah (r.a.) kwamba Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar (r.a.) waliingia wakamkuta Mtume amekaa kimya, wakeze wamemzunguka. Walipofahamishwa kwamba wanataka matunzo zaidi, kila mmoja wa wazee wale aliinuka kumwendea binti yake, huyu Bi Aisha, yule Bi Hafsa, ili kumtia adabu, wakiwalaumu kwa kumdai Mtume kitu asichokuwa nacho. Baada ya hapo Mtume alijitenga na wakeze kwa muda wa siku 29. Kisha zikateremka aya za 28 na 29 za Surat Al-Ahzab, zilizowapa hiari: ama dunia na mapambo yake, na waachwe kwa wema wakiwa wamepewa cha kuwaliwaza, ama Mwenyezi Mungu, Mtume wake na nyumba ya akhera. Alianza na Bi Aisha, akamwambia asifanye haraka kujibu mpaka awashauri wazazi wake. Bi Aisha hakuona haja ya kumshauri mtu. Alichagua papo hapo, na wenzake wote wakachagua kama yeye.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi mimbarini kwa ajili ya kuwakemea wanawake. Sisi tunaona wanaokisimulia hivyo wameacha nusu yake. Walioinuka na ghadhabu ni wakwe, Mtume (s.a.w.) hakuinua mkono, na Bi Aisha mwenyewe ameshuhudia kwamba hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi. Hakukopa ili kuwanyamazisha. Hakuahidi asichoweza kukitimiza. Aliweka wazi hali ilivyo, akatoa muda, akafungua mlango wa kushauriana na wazazi. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba kila mtu katika kisa hicho alikuwa anajua ndani ya nyumba mna nini. Wake walijua, wakwe walijua. Sayyidna Umar aliyepanda kumtazama katika chumba alichojitenga aliona alama za mkeka ubavuni mwake na shayiri kidogo tu ya akiba, akalia.

Hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapotofautiana na nyumba ile. Surat At-Talaq, aya ya 7, imeweka kipimo: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika kile alichopewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 63, nayo inamwajibisha mume kumtunza mke kwa makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo na hali yake. Kipimo cha dini na kipimo cha nchi ni kimoja, nacho ni uwezo. Lakini uwezo usiojulikana unapimwaje? Mume anaficha mshahara wake tangu siku ya nikaha. Anapenda kuonekana mwenye nazo. Harusini ametoa mchango mkubwa kuliko wenzake, barazani anazungumza kwa mamilioni, simu anabadilisha kila mwaka. Mke, ambaye hajawahi kuonyeshwa karatasi ya mshahara wala taarifa ya benki, anapima kwa hayo anayoyaona, kisha anaomba gari la kulingana nayo. Anapokataliwa anadhani amenyimwa. Mume naye anadhani amekosewa adabu. Kwa hakika, mwanamke wa namna hii tunaona ni shida kumwita mwenye tamaa. Ameongopewa, na ombi lake limejengwa juu ya uongo huo.

Na kipimo hiki hukata pande zote mbili. Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, alipomshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe ni bahili ingawa anazo, alipewa ruhusa ya kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Mume mwenye wasaa anayemfanya mkewe apande bajaji mvuani huku fedha zake zikilala asitumie kisa cha Surat Al-Ahzab kama ngao.

Basi tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo inayokosekana mezani. Tuchukue mfano wa familia ambayo mapato yake yote, baada ya makato, ni shilingi milioni 3.5 kwa mwezi. Kwa Mbezi Beach hii si familia maskini. Wanataka gari la milioni 60 kwa mkopo wa miaka minne. Wastani wa riba za mikopo nchini katika miaka ya karibuni umekuwa kiasi cha asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka. Kwa asilimia 16, rejesho la kila mwezi ni takriban milioni 1.7, na mpaka deni liishe watakuwa wamelipa milioni 81 na ushei. Gari la injini kubwa hunywa lita 16 hivi kwa kilomita 100 za mjini. Kwenda Posta na kurudi siku za kazi peke yake ni kama kilomita 880 kwa mwezi. Kwa bei ya mafuta ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya shilingi 420,000, wakati gari dogo lingetumia chini ya nusu yake. Inabaki kama milioni 1.38 kwa ada za watoto, chakula, umeme, maji, matibabu na mama aliyeko kijijini. Hapo bado bima kubwa, ambayo benki hudai na ambayo huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Bado matairi.

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani kwa kudhani atakwepa mzigo huu naye asubiri bandarini: ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, nyongeza kwa gari kuukuu, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote hayo. Kwa gari kubwa lililozeeka, kodi zaweza kuizidi bei ya kununulia. Hata ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, iliyofutwa katika bajeti ya 2017/18, haikupotea. Nafasi yake ilichukuliwa na nyongeza ya shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Mwenye kunywesha zaidi hulipa zaidi. Serikali zenye hazina nzima nyuma yao nazo zimewahi kushituka: mwaka 2009 nchini Kenya, Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba mawaziri waachane na magari makubwa na wapewe yenye injini isiyozidi sisi 1,800.

Wapo watakaosema: sisi hatutachukua mkopo wa riba, tutakwenda benki ya Kiislamu. Ni kweli kwamba tangu Amana Bank ilipoanza mwaka 2011, na madirisha ya huduma za Kiislamu katika mabenki mengine, Mwislamu wa Dar es Salaam anaweza kununua gari kwa murabaha, ambapo benki hulinunua kisha humuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, akalipa kwa awamu. Tunawapongeza wanaochagua njia hiyo. Lakini tusichanganye mambo mawili. Murabaha huondoa riba, hauondoi deni. Rejesho la milioni moja na nusu kwa mtu asiyeliweza halibadiliki kuwa jepesi kwa sababu mkataba wake ni halali. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), na maiti akawa na deni la dinari tatu asilowaachia kitu cha kulilipia. Mtume aliwaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Haikuelezwa kwamba dinari zile zilikuwa za riba.

Mpaka hapa msomaji wa kiume huenda anatikisa kichwa kwa kuridhika. Asubiri. Barazani kisa hiki husimuliwa daima kana kwamba mwenye kutaka ni mke, lakini nani asiyemjua baba aliyenunua V8 na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada? Huyu hali yake ni nzito zaidi, kwa sababu alichokitumia hakikuwa chake peke yake. Matunzo ni haki ya mke na watoto, na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, mtu kuwatelekeza walio chini ya malezi yake kumetajwa kuwa dhambi inayomtosha. Tena wapo wanaomshinikiza mke, mwalimu au muuguzi, akakope katika SACCOS yake ili bwana aendeshe. Surat An-Nisaa, aya ya 32, inampa mwanamke fungu la alichokichuma, na Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 58, inakubali kwamba ndoa haihamishi umiliki wa mali. Mke akichangia kwa ridhaa yake, Mwenyezi Mungu amlipe. Akikataa, hajamwasi mume.

Na lipo la hatari kuliko yote, ambalo kwa wenye viwanja vilivyopimwa kama vya Mbezi Beach linazidi kuwa jepesi kufanyika: kuipeleka hati ya nyumba benki. Nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi, tofali baada ya tofali, inawekwa rehani kwa ajili ya chombo kinachoshuka thamani tangu siku kilipotoka bandarini. Kina mama wafahamu kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwanandoa kuuza, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Ile fomu ya ridhaa mnayoletewa jioni, mkaambiwa ni utaratibu tu, weka kidole mahali hapa, ndiyo kinga mliyopewa na sheria. Isomeni. Ulizeni ni kiasi gani, kwa muda gani, na kwa ajili ya nini. Mkishindwa kuelewana, semeni na wazazi wa pande zote mbili, au na imamu wa msikiti wenu, kabla ya kusaini na si baada ya tangazo la mnada kubandikwa getini.

Ama wale ambao gari limekwisha kuingia uani na rejesho la mwezi wa tatu limewashinda, ushauri wetu ni kuliuza sasa. Mwendeeni aliyewakopesha mkiwa wawili, kabla hajawatafuta yeye, mwombeni awaruhusu kumtafuta mnunuzi wenyewe, kwa kuwa bei ya muuzaji aliyejitokeza kwa hiari ni bora kuliko bei ya mnada. Kitakachobaki baada ya deni, kama kitabaki, chaweza kutosha IST iliyotumika, na maneno ya majirani hayazidi wiki mbili.