MAONI YETU: Faida ya Kisiwani ni ya Nani?



Kila mara viongozi wa nchi mbili watiapo sahihi mapatano ya biashara, wenye mitaji huandikiwa mambo mengi. Huambiwa ni bidhaa gani inatakiwa huko, ushuru ni kiasi gani, benki ipi ni salama, na kama Serikali ile yaweza kunyang'anya mali ya mgeni au haiwezi. Hayo ni maswali ya haki, wala hatumlaumu mwenye kuyauliza. Lakini sisi tunaopakia na kupakua, tunaoendesha winchi na kubeba magunia, hatuoni ukurasa wetu katika maandishi hayo. Mwezi huu twataka kuuandika wenyewe. Twauandika juu ya nchi za visiwani zilizoshika njia ya ukomunisti, kwa sababu mojawapo ilikuwa jirani yetu kabisa.

Ukisimama Mama Ngina, upande wa Ras Serani penye mnara wa taa, waziona meli kubwa zikiingia mlango wa Kilindini. Upande wa pili wa kisiwa hiki iko Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Unguja na Pemba yamekuwa yakitia nanga tangu zama za babu zetu. Zanzibar haikuwa ng'ambo kwetu. Tulioana nao, tukauziana, na hata katika kudai haki tulifuatana. Januari 1947 wafanyakazi wapata 15,000 waligoma hapa Mombasa. Mwaka uliofuata, 1948, makuli wa bandari ya Unguja nao wakaacha kazi, na mgomo ukaenea mji mzima.

Tarehe 12 Januari 1964 Serikali ya Sultani ilipinduliwa. Ikatangazwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na Pemba, na Abeid Amani Karume akawa Rais wake. Nchi za kikomunisti zikaja upesi kutoa mkono: China, Urusi na Ujerumani Mashariki. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaanza kuiita nchi ile Kuba ya Afrika. Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo iliungana na Tanganyika, lakini mambo ya mali na biashara ya visiwani yaliendelea kuamuliwa visiwani kwa miaka mingi.

Hatutaki kusema uongo ili kumfurahisha tajiri. Yalikuwako mambo ambayo mtu wa kazi hawezi kuyadharau. Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na tangu 1965 maelfu ya watu wasiokuwa na shamba wakagawiwa eka tatu tatu. Masomo yakawa bure. Majumba ya ghorofa yakajengwa Kilimani na Michenzani, na watu waliozoea vibanda vya udongo wakapewa nyumba zenye maji na umeme. Wala hatutaki kuficha upande wa pili. Watu wengi waliuawa katika siku zile za kwanza, na wengi wakakimbia, baadhi yao wakafika hapa Mji wa Kale bila kitu ila nguo walizovaa.

Mfanya biashara aliijua hatari yake mara moja. Sheria iliyotolewa 1964 iliipa Serikali uwezo wa kutwaa nyumba na mashamba bila kulipa fidia. Aliyekuwa na duka Unguja jana, leo hana. Hatari ya namna hii ndiyo inayoandikwa katika vitabu vya wenye mitaji, na kweli ni hatari. Lakini tazameni sasa ile isiyoandikwa.

Mali ya Zanzibar ilikuwa karafuu, na nyingi zilitoka Pemba. Kazi ya karafuu mwaijua. Mchumaji hupanda mti mrefu ambao matawi yake huvunjika upesi, akachuma vishada, akashuka, akachambua makonyo, kisha zikaanikwa juani siku kadha wa kadha. Mtu akianguka amevunjika mgongo. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa ndilo mnunuzi pekee. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipanda sana, kwa sababu Indonesia ilizitaka kwa sigara zake. Biashara gani yashinda hiyo? Lakini mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ile. Fedha za kigeni zikalundikwa katika mabenki ya ng'ambo, na wakati huo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, unga na sukari kutoka nje vikapunguzwa, watu wakapanga foleni kwa kibaba.

Hapo ndipo fursa ilipofika Mombasa. Karafuu zikaanza kuvuka usiku kutoka Pemba hadi pwani ya Kenya. Nchi yetu, ambayo mikarafuu yake ni michache mno, ikawa nayo yasafirisha karafuu ng'ambo. Yupo aliyejenga nyumba kwa biashara ile. Lakini jamani, nani alikuwa ndani ya ngalawa? Serikali ya Zanzibar iliweka adhabu kali juu ya magendo ya karafuu, hata adhabu ya kifo. Tajiri alikaa dukani akihesabu magunia. Baharia na kuli ndio waliotia shingo zao majini. Gunia likizama, mwenye gunia alipata hasara ya shilingi. Mbeba gunia alikuwa hana bima yo yote.

Huenda mwanachama akauliza: kama bei ilikuwa mbaya, mbona wachumaji na wakulima wa Pemba hawakukataa? Hili ndilo jambo tulilotaka kulifikia. Kabla ya 1964 Zanzibar ilikuwa na mashirikisho mawili ya vyama vya wafanyakazi, yakishindana na kugombana kama ilivyo desturi yetu. Baada ya mapinduzi vyama vile vilifutwa, na mambo ya wafanyakazi yakatiwa chini ya chama tawala, Afro-Shirazi Party. Mwajiri akawa Serikali, mnunuzi akawa Serikali, na aliyedai kumsemea mfanyakazi akawa ni Serikali hiyo hiyo. Mtu aliyetaka kulalamika juu ya bei alikuwa hana mlango wa kubisha. Akabakiwa na njia moja, nayo ni kuvusha gunia gizani.

Kwa hiyo twasema kwamba magendo yale hayakuletwa na ukosefu wa uaminifu wa Wapemba. Yaliletwa na bei isiyoweza kujadiliwa. Na hasara ilimrudia mwenye Serikali mwenyewe. Indonesia ilipanda mikarafuu yake, na katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaanguka. Hazina ikapungua, na kuanzia 1984, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Zanzibar ikalazimika kuifungulia biashara ya watu binafsi. ZSTC haikuacha kununua karafuu, lakini katika miaka ya 2010 mkulima alianza kulipwa kama asilimia 80 ya bei ya dunia. Alipoona bei ile, mwenye shamba alikuwa hana tena sababu kubwa ya kuhatarisha ngalawa yake. Laiti angalisikilizwa miaka 40 kabla.

Sasa tuvuke bahari nyingine, tuitazame Kuba yenyewe. Wenye mitaji wanaitazama nchi ile kwa macho mawili. Jicho moja laona mahoteli ya watalii, nikeli, tumbaku, na bandari ya Mariel yenye eneo la biashara lililofunguliwa 2013. Mwaka 2014 ikatoka sheria mpya ya kuwavuta wageni, na mwaka 2021 Wakuba wakaruhusiwa kuanzisha makampuni madogo yao wenyewe. Jicho la pili laona vikwazo vya Marekani vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, sarafu inayopoteza thamani, na umeme unaokatika. Oktoba 2024 nchi nzima ilibaki gizani. Tena kuna jambo litakalowashangaza makuli: kampuni 4 za meli za watalii zilishtakiwa Marekani kwa kufunga meli zao katika gati za Havana, gati ambazo Serikali ya Kuba ilizitwaa mwaka 1960. Mwenye madai ya zamani aliweza kwenda mahakamani kwa sababu mlango wa sheria hiyo ulifunguliwa Mei 2019. Gati lililotwaliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa laweza bado kuleta kesi.

Na mfanyakazi wa Kuba je? Kwa miaka mingi kampuni ya kigeni iliyofungua hoteli au kiwanda huko haikuweza kumwajiri mtu moja kwa moja. Ilimkodisha kutoka shirika la Serikali. Kampuni ililipa shirika fedha za kigeni, na shirika likamlipa mfanyakazi peso, sehemu ndogo ya zile zilizolipwa. Shirikisho la wafanyakazi linalotambuliwa na Serikali ni moja tu, CTC. Nani basi angemwuliza mwajiri, zile nyingine zimekwenda wapi?

Msidhani kwamba mambo haya hayatuhusu. Mwaka 2018 Serikali yetu ilifanya mapatano na Kuba, wakaja madaktari wapata 100, na madaktari wetu 50 wakapelekwa huko kusoma. Chama cha madaktari wa Kenya kililalamika kwamba wako madaktari wa hapa wasio na kazi. Waliokuja waligawanywa katika kaunti, na wawili walitekwa nyara Mandera Aprili 2019. Sehemu kubwa ya fedha za madaktari wanaopelekwa nje huenda kwa Serikali ya Kuba, si kwa daktari aliyelala mbali na watoto wake. Mwaka 2023 Serikali yetu ilitangaza kuyamaliza mapatano yale. Katika shauri lote lile Serikali mbili zilikaa mezani. Daktari wa huko na daktari wa hapa hawakuwa na kiti.

Lakini tusijivune. Ubaya huu hauna rangi moja ya bendera. Februari 1964 Serikali ya Tanganyika ilivunja shirikisho huru la TFL na kuunda NUTA. Mwaka 1965 Serikali yetu ya Kenya nayo, isiyokuwa ya kikomunisti hata kidogo, iliyafuta mashirikisho yaliyokuwako na kuunda COTU. Na vijana wetu wa pwani waliokwenda Ghuba, katika nchi za wafalme na matajiri, wengi walinyang'anywa pasi mara tu waliposhuka uwanja wa ndege. Ukomunisti peke yake hauwezi kutupa jibu, wala ubepari peke yake hauwezi.

Twaona basi kwamba kipimo ni kimoja: je, mtu wa chini katika nchi ile aweza kusema hapana, akaendelea kula na kulala nyumbani kwake? Kama hawezi, hiyo ni hatari kwa mfanyakazi leo, na kesho itakuwa hatari kwa mwenye mtaji pia. Serikali isiyolazimika kumsikiliza mchumaji wa karafuu haitalazimika kumsikiliza mgeni mwenye duka.

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo manne.

Kwanza, anayeitwa kwenda kufanya kazi katika nchi yo yote ya ng'ambo aulize kabla ya kutia sahihi: nani atanilipa, mwenye kazi au mtu wa kati? Na karatasi ya malipo itaonyesha kiasi kilicholipwa na kiasi kilichokatwa?

Pili, aulize kama huko kuna chama cha wafanyakazi ambacho viongozi wake huchaguliwa na wafanyakazi, na kama kimepata kushinda dai lo lote. Leo wenzetu wa Zanzibar wanalo shirikisho lao, ZATUC. Kwenda Unguja leo si kama kwenda miaka ya 1970, na ni vema kuwatafuta ndugu hao kwanza.

Tatu, fedha za akiba yetu zisitiwe katika biashara ambayo faida yake yatokana na bei iliyobanwa ya mkulima au mshahara uliofichwa wa mfanyakazi. Fedha hizo ni za jasho letu. Haifai zikachume jasho la mwingine, na tena biashara kama hiyo haidumu.

Nne, Serikali yetu itiapo sahihi mapatano ya kupeleka au kuleta wafanyakazi, tudai tuyaone kabla, tukiwa na kiti mezani. Halmashauri ya kila tawi ilizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao na kuleta majibu kwa maandishi ofisini. Majibu hayo ndiyo tutakayoyapeleka kwa Wizara ya Kazi. Mwanachama asiyefika mkutanoni asije akauliza baadaye kwa nini hakusemewa.