Reli Haikufika Magunga, Watoto Waliipanda

Ikitajwa reli yetu, husimuliwa vyuma: kuanzwa Mombasa 1896, kufika Kisumu 1901, na simba wa Tsavo waliokula wajenzi 1898. Hayo ni kweli, na vitabu vyake vipo. Lakini abiria wa daraja la tatu, hasa mtoto, nani kamwandikia?

Itazame Magunga, huko Gwassi, upande wa Ziwa Victoria. Reli haikufika kabisa. Hata hivyo mtoto ambaye babake alichukua mizigo bandarini Mombasa aliijua: hushuka Homa Bay, akapanda meli hadi Kisumu, kisha gari la moshi mpaka pwani. Kiswahili alikipata humo garini, vitini, kabla ya darasani. Nasi watoto wa pwani ndimo tulimoonja samaki wa ziwa, na wenzetu wakala mahamri ya mama zetu. Alfajiri wazee wakisali kwa zamu penye upenu mdogo, asiyekuwa Mwislamu alisogeza mzigo wake bila kuombwa. Adabu ile haikuandikwa katika tikiti.

Tangu 2017 gari jipya hutufikisha Nairobi kwa saa tano au sita. Ni jema, wala siulilii moshi. Ila usiku mzima wa safari ndio uliogeuza wageni wakawa majirani, na waliousafiri wanapungua.

Basi, enyi walimu wa Magunga na Mvita, kila mwanafunzi na aandike safari ya babu au bibi yake. Tukichelewa, watabaki simba na vyuma.