KONA YA MWALIMU: Adui wa kwenye filamu naye alikuwa mkimbizi

  Mwezi huu nilipanga kuandika juu ya mitihani, lakini kuna jambo limenipata, mitihani itasubiri.

Si mnajua tunatayarisha mchezo wa kuigiza wa tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Mchezo ni wa familia inayotafuta njia ya kuvuka mpaka. Watoto wote wanataka kuwa stelingi. Wengine wamekubali kuwa bibi, hata mbuzi amepata mtu. Lakini yumo mtu mmoja anayewauzia watu vibali vya uongo halafu anatoroka na pesa. Huyo hakuna aliyemtaka. Nikampa mvulana mmoja wa darasa la sita, mgeni kwetu. Wenzake humcheka kwa lafudhi yake, lakini akisimama mbele ya watu, sauti yake inafika mpaka kwenye bomba la maji.

Kesho yake asubuhi na mapema mama yake yuko mlangoni kwa darasa. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mtoto wangu usimfanye mwizi. Mchezo utaisha, jina litabaki."

Nilimjibu haraka haraka kwamba ni mchezo tu. Lilikuwa jibu baya. Usiku nilikosa usingizi nikimfikiria mtu mmoja anayeitwa Peter Lorre, niliyemwona katika filamu ya zamani kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu.

Huyu bwana alizaliwa mwaka 1904 katika mji ambao leo uko Slovakia, na jina lake la kuzaliwa ni László Löwenstein. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Alikulia Vienna, akafanya kazi kidogo benki, akaiacha kwa ajili ya jukwaa. Alikuwa mfupi, uso wa mviringo, macho makubwa yaliyotoka nje kama ya mtu aliyeshtuliwa. Kwa sura hiyo nani angempa kuwa bwana harusi? Alianzia kwenye majukwaa ya Breslau, Zürich na Vienna, mpaka akafika Berlin. Huko alifanya kazi na mwandishi Bertolt Brecht. Mwaka 1931 aliigiza mchukuzi wa mizigo ambaye wanajeshi wanambadilisha kidogo kidogo mpaka anakuwa askari asiyejijua tena.

Mwaka huohuo ilitoka filamu iliyompa jina. Inaitwa M, ya Fritz Lang. Lorre ni muuaji wa watoto. Mwishoni wahalifu wa mji wanamkamata na kumhukumu wenyewe, naye anapiga magoti na kulia kwamba kuna kitu ndani yake kinamsukuma. Wanaoitazama wanamchukia, na papo hapo wanamhurumia. Kuwafanya watu wahisi mambo hayo mawili kwa pamoja si kazi ndogo.

Mwaka 1933 Hitler akashika serikali. Lorre akaondoka Ujerumani, akapitia Vienna na Paris mpaka London. Huko mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa anatafuta adui wa filamu yake. Lorre Kiingereza hakijui! Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba katika mazungumzo yale alimtazama Hitchcock usoni tu, na kila alipohisi hadithi imefika mwisho, akacheka kwa nguvu. Akapata kazi. Maneno mengi ya filamu ile ya 1934 aliyakariri kwa mlio, kama wengi wetu tulivyokariri salamu za nchi hii wiki ya kwanza.

Halafu Marekani. Hapo ndipo penye uchungu. Kwa lafudhi yake na macho yake walimpa wauaji, wapelelezi, vichaa, mabwana wenye siri. Kati ya 1937 na 1939 aliigiza filamu nane akiwa mpelelezi wa Kijapani aitwaye Mr. Moto. Myahudi wa Ulaya anakuwa Mjapani! Kwa wenye filamu mgeni alikuwa mgeni tu, na Wajapani wenyewe hawakupewa nafasi ile. Hata watengeneza katuni za Bugs Bunny walimchora na kuiga sauti yake.

Filamu niliyoiona mimi ni Casablanca, ya mwaka 1942. Tuitafute tuiweke siku moja kwenye kibanda cha video, maana ni habari yetu kabisa. Watu wamekimbia vita, wamekwama katika mji wa Morocco, wanasubiri makaratasi ya kwenda nchi nyingine. Wanauza pete, wanauza saa, wanaambiwa rudi kesho. Lorre ni Ugarte, mchuuzi wa vibali. Anafika na hati mbili zilizotoka kwa wajumbe wa Kijerumani waliouawa, anampa Rick, mwenye baa, amfichie, halafu polisi wanamkamata akilia asaidiwe. Rick hamsaidii. Ugarte haonekani tena, ametokea dakika chache tu. Lakini stelingi na yule dada mzuri wanazunguka filamu nzima juu ya hati zilezile alizoleta yeye. Ukimtoa Ugarte, hakuna hadithi.

Na yule mkubwa wa jeshi la Hitler ndani ya filamu hiyo, yule wa kutisha, ni Conrad Veidt, Mjerumani ambaye mke wake alikuwa Myahudi. Naye aliondoka kwao 1933. Alimkimbia Hitler, akaja kulipwa kwa kuvaa nguo za askari wa Hitler.

Basi nikamwendea yule mama nyumbani kwake, nikamsimulia haya yote huku anachambua maharage. Nilidhani nimeshinda. Akauliza swali moja, "Na kwao hakurudi?"

Hapo ikabidi niseme yote. Alirudi. Marekani alikuwa amepata uraia mwaka 1941, lakini jukwaa lililomlea karibu alikuwa amelipoteza, na morphine aliyoanza kutumia kwa maumivu baada ya operesheni ilimsumbua miaka mingi. Baada ya vita akaenda Ujerumani, akaandika na wenzake, akaongoza na kuigiza mwenyewe filamu iitwayo Der Verlorene, yaani Aliyepotea, iliyotoka 1951. Ni juu ya daktari muuaji ambaye wakubwa wa serikali ya Hitler wanamfichia kosa lake. Wajerumani hawakutaka kuitazama. Walikuwa wamechoka kukumbushwa. Akarudi Marekani, hakuongoza filamu nyingine tena, akaendelea na sehemu zilezile, safari hii nyingine za kuchekesha, mpaka alipofariki mwaka 1964 akiwa na miaka 59.

Na liko jingine ambalo sikutaka kumwambia, nikamwambia. Mwaka 1940 watu wa Hitler walitengeneza filamu ya kuwachafua Wayahudi. Walikata kile kipande cha M, Lorre analia, wakakiweka humo kama ushahidi kwamba Wayahudi ndivyo walivyo. Maneno aliyopewa aigize wakayafanya kuwa yake.

Mama akaacha maharage. "Unaona," akasema, "mimi nilikuwa nasema nini?"

Sikuwa na jibu. Watoto kumcheka mwenzao kwa lafudhi, kisha mwalimu kumpa huyohuyo kuwa mwizi mbele ya kambi nzima, hilo nililifanya mimi bila kufikiri. Nilitazama sauti tu.

Tulikaa mpaka jua likashuka, tukapatana hivi. Mwuza vibali ataigizwa kwa zamu, onyesho hili huyu, lile yule, na wale wanaojiona mastelingi ndio wataanza. Mtoto wake ataanza akiwa baba wa familia, kwa lafudhi yake ileile, maana baba yule katoka mbali kama yeye. Zamu ya vibali ikimfikia, ataamua mwenyewe. Jana ameniambia anaitaka, kwa sababu eti wenzake wanaiharibu. Mama bado hajakubali, na mimi simsukumi.

Mazoezi ni Jumamosi saa nane mchana, kwenye banda la pili la shule. Wazazi mnaruhusiwa kukaa nyuma na kutazama. Mwenye koti kuukuu la mwanamume atuazime, tutalirudisha limefuliwa. Mitihani tutaiongelea mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea