Neno moja la siri, ofisi nzima

Vyama vya ushirika vinazidi kuhamishia kwenye kompyuta kilo za mkulima na malipo yake. Ni hatua nzuri. Lakini katika ofisi kadhaa nilizotembelea, neno la siri ni moja tu: analo karani wa mizani, analo mhasibu, analo hata aliyeacha kazi msimu uliopita. Kilo zikipungua, atabanwa nani?

Kabla ya kununua programu, viongozi wamwulize muuzaji maswali manne. Je, kila mtumiaji atakuwa na neno lake la siri? Je, anayepima mzigo atazuiwa kuidhinisha malipo? Je, anayeondoka anaweza kufungiwa siku hiyo hiyo? Je, takwimu ikibadilishwa, itaonekana nani kaibadilisha na saa ngapi?

Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, msinunue, hata kama bei ni nafuu. Isitoshe, hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Wanachama nao wadai jambo moja kwenye mkutano mkuu: orodha ya wenye ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta ipitiwe kila msimu, kabla mizani haijafunguliwa.