Mafigo Yetu Hupokea Ujumbe

Mkulima wa Marabo, pale kwenye barabara itokayo Bunia kwenda Komanda, hurudi kutoka shambani saa nane mchana akiwa ametoka jasho tangu asubuhi. Kichwa chamuuma, mgongo wamuuma, labda na homa imemwanza. Akipita sokoni hununua vidonge vya maumivu, huvimeza kwa funda moja la maji, kisha hulala. Wengi wetu twafanya vivyo hivyo. Leo twataka kueleza kwa nini jambo hilo dogo laweza kuyadhuru mafigo.

Kila mtu ana mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi yake, nayo yako nyuma, chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, yapata milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja kutoka katika damu yapata lita 180 za maji, yaani bidoni tisa za lita 20. Wala hatukojoi bidoni tisa! Mkojo wetu ni lita moja au mbili tu. Maji mengine yote hurudishwa katika damu pamoja na chumvi na sukari inayofaa, na uchafu hutolewa nje.

Wataalamu waliyajuaje hayo? Mwaka 1666 mganga wa Italia, Marcello Malpighi, aliandika habari za vifundo vidogo alivyoviona katika figo kwa hadubini ya siku zile. Mwaka 1842 Mwingereza William Bowman alionyesha jinsi kila kifundo kilivyounganika na mrija wake. Mwaka 1931, huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini itumiayo elektroni badala ya mwanga, na kwa hadubini za namna hiyo watu wakaona hata vijiguu vya chembe zinazokumbatia mishipa ya kichujio. Lakini hadubini hiyo huonyesha kipande cha figo kilichokwisha kufa. Tangu mwaka 1990 iko njia nyingine: miali ya leza hupenya ndani ya kiungo cha panya aliye hai, na chembe zilizotiwa rangi ing'aayo huonekana zikiwa kazini. Basi imekuwa wazi kwamba figo si kama chujio la chai. Chembe zake hupokea ujumbe na kuujibu.

Tutoe mfano. Mtu akipungukiwa na maji, ubongo wake hutambua mara moja. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutia katika damu kitu kiitwacho vasopresini. Kitu hicho kifikapo kwenye figo hugusa chembe kwa nje, kama mgeni abishaye hodi. Ndani ya chembe ujumbe hupokezanwa, na milango midogo ya maji, iliyokuwa imewekwa akiba, husukumwa hata ukutani. Maji hupita humo yakirudi katika damu, na mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Mmarekani Peter Agre, aliyegundua milango ya namna hiyo katika miili yetu, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Uko ujumbe wa pili, na huo ndio unaotuhusu hasa. Maji yakipungua sana mwilini, mishipa mingi ya damu hujibana. Ikiwa mishipa inayoleta damu kwenye vichujio itajibana vilevile, figo litakosa damu. Kwa hiyo figo hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huiambia mishipa hiyo ikae wazi. Sasa, dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Haziwezi kuchagua, huzizuia gotini, huzizuia na katika figo. Mtu mwenye maji ya kutosha kwa kawaida hapati madhara akizitumia siku chache kama alivyoagizwa. Lakini mtu aliyekaushwa na jasho, kuhara, kutapika au malaria kali hunyamazisha ujumbe ule saa ileile auhitajipo, na mafigo yake yaweza kuacha kufanya kazi kwa siku chache tu.

Tufanyeje basi? Kwanza tunywe maji safi, hata kabla ya kiu kutubana. Mwenye kuhara anyweshwe maji ya chumvi na sukari: katika lita moja ya maji safi tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visizidi ukingo. Mwenye homa asikisie. Aende kituo cha afya apimwe damu. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwa mafigo, mradi isizidi kipimo. Aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa mafigo au wa moyo afuate agizo la daktari, hata juu ya kiasi cha maji.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mkojo ukipungua sana, au ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au uso na miguu ikivimba, tusingoje. Figo huugua bila kulia, na mashine ya kusafisha damu haipatikani katika vituo vya afya vya vijijini. Akina baba na akina mama, waulizeni wauza dawa jina la kidonge kabla ya kumpa mtoto mwenye homa. Nanyi wanafunzi mnaojua kusoma maandishi ya pakiti, wasomeeni wazee nyumbani.