Sakafu Yako ni Dari ya Jirani

Katika visiwa vyetu nyumba za ghorofa si jambo geni. Mji Mkongwe umejaa majumba ya mawe, chokaa na boriti yaliyosimama tangu karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali iliwajengea wananchi fleti Kikwajuni, Kilimani na Michenzani, na zikafuata nyingine huko shamba, kama vile Makunduchi na Bambi, na kisiwani Pemba. Leo fleti mpya zinaendelea kuinuka, kwani ardhi yetu ni ndogo na watu wetu wanaongezeka. Ni dhahiri basi kwamba kuishi mmoja juu ya mwengine ndiyo hali yetu, na ndiyo itakayokuwa hali ya watoto wetu.

Katika maisha hayo lipo jambo moja lisilopewa uzito unaostahiki, nalo ni kishindo cha miguu kinachoteremka kutoka nyumba ya juu hadi nyumba ya chini. Wako watakaosema kwamba yako makubwa zaidi, kama maji, umeme na mapaa yanayovuja. Sikatai. Lakini mtu asiyelala usiku hafanyi kazi mchana, na majirani wasiosemezana hawawezi kushirikiana hata katika hayo makubwa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilihamia ghorofa ya tatu ya jengo moja hapa mjini. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyochakaa. Nikanunua kapeti la plastiki, lile ambalo wauzaji huliita vinaili, jembamba na la bei nafuu, nikamwita fundi akalibandika kwa gundi juu ya saruji ile ile. Likang'ara, na wageni wakalisifu. Nami nikaamini kwamba, kwa kuwa si marumaru, basi litameza vishindo. Watoto wakakimbia, kinu kikatwangwa jikoni, na mimi kila alfajiri nikavaa mitalawanda yangu kwenda kutawadha.

Wakati huo nilikuwa miongoni mwa viongozi wa Chama katika shina letu, na majirani waliogombana kwa sababu ya kelele walikuja kwangu kusuluhishwa. Siku moja nilikutana ngazini na bibi aliyekaa chini yangu, ambaye alikuwa akimuuguza mumewe aliyepooza. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akasema kwa upole, "Nasikia watu wanaisifu nyumba yako. Mimi sijaingia, lakini naijua yote kwa miguu yenu. Najua saa mnayoamka kula daku, najua mtoto gani anakimbia. Na babu yako kila kikipigwa kishindo anashtuka, anadhani mlango unavunjwa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akajibu, "Wewe ndiye tunayekushitakia wengine. Wewe nikushitaki kwa nani?"

Nilipanda juu na haya usoni. Tangu siku ile nilifanya bidii kuuliza mafundi na kusoma, na niliyojifunza nayaweka hapa kwa faida ya wenzangu na ya wale waliokabidhiwa dhamana ya makaazi ya wananchi.

Mtu anapozungumza, sauti yake husafiri hewani, na bamba zito la zege huizuia vyema. Lakini kisigino kinapogonga sakafu, kinalipiga zege lenyewe. Zege hutetemeka, mtetemo hupita katika dari na kuta, na dari na kuta nazo huitikisa hewa ya chumba cha chini. Ndiyo maana jirani anaweza asisikie hata neno moja unalosema, lakini akazihesabu hatua zako zote. Kwa sababu hiyo, dawa kubwa ya kishindo iko juu, pale mguu unapogusa. Anayetaabika chini akitundika mapazia hapati nafuu yoyote.

Wataalamu wana kipimo chao. Hutumia mashine yenye nyundo tano, kila moja ya gramu 500, zinazoangushwa kutoka kimo cha milimita 40, mapigo kumi kwa sekunde, na sauti hupimwa katika chumba cha chini. Bamba tupu la zege la unene wa sentimita 15 hivi hutoa takriban desibeli 75 hadi 80. Uingereza, kwa mfano, sheria ya majenzi hairuhusu nyumba mpya kuzidi desibeli 62. Sasa, vinaili nyembamba iliyobandikwa moja kwa moja juu ya zege hupunguza desibeli chache tu, na hilo ndilo lililonipata mimi. Vinaili iliyoshonana na sponji upande wa chini yaweza kupunguza desibeli 15 na zaidi. Upungufu wa desibeli 10 masikioni mwa binadamu ni kama kelele imegawika nusu. Kwa hivyo kapeti mbili zinazofanana kwa rangi dukani zaweza kutofautiana sana kwa jirani wa chini.

Hata hivyo tusidanganyane. Tabaka laini hupunguza zaidi mlio mkali, kama wa kiatu kigumu au kijiko kilichoanguka. Uzito wa mchi kinuni na mbio za watoto hutikisa bamba zima, na vinaili peke yake haiwezi kuuzima. Kishindo cha aina hiyo hupunguzwa kwa desturi za wakaazi, au kwa ujenzi wa sakafu ya tabaka mbili zilizotenganishwa, kazi ambayo ni rahisi kuifanya wakati jengo linajengwa kuliko baadaye.

Kuhusu utandikaji wenyewe, mambo muhimu ni haya. Kwanza, zege liwe limekauka, kwani nchi yetu ni ya unyevu na plastiki huufungia unyevu chini yake, kukazaliwa ukungu na gundi ikaachia. Tandika kipande cha nailoni juu ya saruji, kizibe pembeni kwa gundi ya karatasi, kiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, ngoja. Pili, sakafu isawazishwe na kufagiwa, maana kila kokoto itatokeza juu.

Tatu, tabaka la chini lichaguliwe kulingana na vinaili yenyewe. Iwapo ni ya bao zinazofungamana, tabaka liwe jembamba na gumu kiasi, kwa kawaida milimita 1 hadi 1.5. Wako wanaotandika sponji la godoro wakidhani unene ndio utulivu. Bao hubonyea, maungio hukatika, na fedha zote hupotea. Iwapo bao zimekuja na tabaka lake, usiongeze jengine. Wala msitumie mipira chakavu ya magari, kwani mpira huitia vinaili madoa yasiyotoka.

Nne, sakafu ya bao isiguse ukuta. Iachwe nafasi ndogo pembezoni kama anavyoagiza mtengenezaji, na ubao wa skating upigiliwe ukutani, usiibane sakafu. Fundi akiijaza nafasi hiyo saruji, amewapa vishindo njia ya kuingilia ukutani, na kazi yake nzuri ya chini imepungua thamani.

Mimi niliing'oa ile ya kwanza, nikatandika yenye sponji, nikatandaza mikeka ya ukili mahali tunapopita sana, nikavisha miguu ya viti vitambaa vizito, na kinu kikahamishiwa uani. Mitalawanda niliiacha. Baada ya wiki mbili nilishuka kumjulia hali mgonjwa. Bibi akaniambia kwamba sasa anasikia watoto tu wanapokimbia, na mbio za watoto anaweza kuzivumilia. Mzee alikuwa amelala, na ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Ndugu zangu, wazee wetu wa Mji Mkongwe hawakuwa na desibeli, lakini walijenga sakafu nene za mawe na chokaa juu ya boriti, wakavua viatu mlangoni na kutandika mikeka na majamvi. Tulipohamia majumba ya zege tuliyabeba makabati yetu, lakini wengi wetu tuliiacha desturi hiyo. Na sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba Luqmani alimuusia mwanawe mwendo wa wastani na kuteremsha sauti, na twajua pia haki kubwa ya jirani katika dini yetu. Wasia huo unamhusu zaidi mtu anayetembea juu ya kichwa cha mwenzake.

Kwa upande wa viongozi wetu wa Serikali, nina maombi matatu. La kwanza, kila mkataba wa kujenga au kukarabati fleti za umma utaje kiwango cha kishindo kinachokubalika, na kipimo kifanywe ndani ya jengo kabla ya kulipokea kwa mkandarasi. La pili, wanaonunua sakafu kwa fedha za umma wasitosheke na tarakimu ya juu ya boksi, bali waulize kipimo kilifanywa juu ya sakafu gani, na kama chini yake palikuwa na dari ya kuning'inia. Vipimo vingine hupata sifa kutokana na dari ambayo fleti zetu hazina. La tatu, Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010 imetambua umiliki wa watu wengi katika jengo moja. Basi kanuni za kila jengo zimtake anayebadilisha sakafu aweke tabaka la kuzuia kishindo, na amwarifu jirani wa chini kabla fundi hajaanza kazi.

Gharama ya tabaka hilo, ikiwa imepangwa tangu mwanzo, ni sehemu ndogo ya bei ya sakafu. Likisahauliwa, sakafu yote hung'olewa na hulipwa mara mbili, kama nilivyolipa mimi. Na wako majirani wengi kama yule bibi, ambao hawatakuja kushitaki. Tusingoje mashitaka yao ndipo tutandike vizuri.